Koha kwenye Debian: kifurushi kizuri, ila hakipendi jirani

Ninaangalia seva ya chuo kimoja kidogo hapa Mombasa, upande wa Tononoka, na maktaba yetu inatumia Koha. Kwa asiyeijua, hii ni programu huria ya maktaba iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Orodha ya vitabu, uazimaji, wanachama na faini, vyote viko humo, na leseni hulipii. Kama programu ya maktaba sina neno nayo. Ninachotaka kueleza ni kifurushi chake cha kusakinisha kwenye Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), koha-common, maana hapo ndipo wengi hukwama kabla hawajaingiza hata kitabu kimoja.

Kifurushi hiki kimeandikwa kana kwamba mashine nzima ni yake. Kinakuja na Apache, seva ya wavuti, na Apache inataka poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti. Kwetu poti hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa nginx, seva nyingine ya wavuti, inayobeba tovuti ya chuo. Basi Apache ikakataa kuwaka. Kinachowapoteza watu ni kwamba amri ya ukaguzi, apachectl configtest, inajibu "Syntax OK", na jibu hilo ni la kweli: inakagua maandishi ya mipangilio tu, haijaribu kufungua poti. Sababu yenyewe utaikuta kwenye journalctl (kumbukumbu za mfumo), "could not bind to address", na amri ya ss -ltnp itakutajia programu iliyoikalia poti. Anza na ss kabla hujagusa faili lolote.

Tuliiacha nginx ibaki mbele, tukaihamisha Apache: 8081 kwa wasomaji, 8080 kwa wakutubi. Namba hizi huwekwa kwenye /etc/koha/koha-sites.conf, lakini faili hilo husomwa wakati amri ya koha-create inapounda maktaba mpya ndani ya Koha tu. Kama maktaba imeshaundwa, badilisha kwenye faili lake ndani ya sites-available (folda ya Apache yenye mipangilio ya kila tovuti), kisha uende ports.conf, faili la poti za Apache, uongeze Listen kwa kila poti mpya na uondoe ile ya 80. Hili la ports.conf lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye maelezo ya usakinishaji.

Mgongano wa pili ni wa moduli, yaani vipande vya Apache vinavyowashwa na kuzimwa. Koha inataka mpm_itk ili kila maktaba iendeshwe na mtumiaji wake kwenye mfumo, ilhali Apache ya Debian inakuja na mpm_event. Huu naupenda, kwa sababu a2enmod, amri ya kuwasha moduli, inakwambia waziwazi moduli ipi izimwe kwanza. Unazima event, unawasha itk, umemaliza. Ila ujue itk inasimama juu ya prefork, moduli nyingine ya aina hiyo, isiyokubaliana na HTTP/2 (toleo la pili la itifaki ya wavuti), kwa hiyo tovuti nyingine iliyomo kwenye Apache hiyo itaikosa. Kwetu nginx ndiyo inayoongea na vivinjari, haikutugusa.

Mwenzangu wa Likoni hana nginx kabisa, na Apache yake iliwaka vizuri, lakini kila akifungua kwa anwani ya IP anakuta ukurasa wa kukaribisha wa Debian. Ni 000-default hiyo, tovuti ya mfano inayokuja na Apache: jina lisipolingana na tovuti yoyote, ya kwanza kusomwa ndiyo inayojibu. Aliizima kwa a2dissite, katalogi ikatokea.

Baada ya kuifanya nginx kuwa proksi, yaani mpokeaji anayepeleka maombi kwa Apache, mkutubi wetu akaniambia, "Kaka, nikibonyeza nikaone kitabu upande wa wasomaji, kinanipeleka kusikojulikana." Dawa yake ni mpangilio wa OPACBaseURL ndani ya Koha yenyewe: andika anwani wanayoiona watu nje. Na kwenye koha-conf.xml jaza koha_trusted_proxies, la sivyo wasomaji wote wataonekana wanatoka 127.0.0.1, yaani seva yenyewe.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu koha-create ingeweza kukagua poti na kusema mapema. Mwenye uwezo aipe Koha mashine yake pekee. Asiyeweza, aweke nginx mbele kama sisi, na wakati wa kusasisha, Debian ikiuliza kuhusu faili ulilolihariri, baki na lako, kisha ulinganishe na lile jipya linaloachwa pembeni kwa jina la .dpkg-dist.