Gari la zamani la fowili la kufufua nyumbani: ununue lipi?

Nilipoiona Land Rover 109 yangu kwa mara ya kwanza, rangi ndiyo iliyonichukua akili. Kijani kibichi kinachong'aa, milango inafunga vizuri, ukigusa tu stata injini inawaka. Nikalipa, nikaiendesha hadi Unga Limited, Arusha, nikamwomba fundi mmoja mzee aniangalizie. Akaingia chini na nyundo ndogo, akagonga mara tatu nne, unga wa kutu ukamwagikia kifuani. Akatoka, akajipangusa, akaniambia, "Kijana wangu, wewe umenunua rangi." Chesisi ilikuwa imezibwa kwa puti na vipande vya bati, kisha ikapakwa lami nyeusi juu. Kazi niliyoipangia miezi minne ilinila miaka miwili.

Kwa hiyo orodha hii ya magari matano ya fowili, yaani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, sikuipanga kwa kuuliza ni gari gani kali porini. Nimeuliza hivi: mtu mwenye uwanja nyuma ya nyumba, seti moja ya spana, fundi wa kuchomelea wa mtaani na mshahara wa mwisho wa mwezi, atalimaliza lipi? Kila mtaa una gari lililowekwa juu ya mawe, injini imeshushwa, kuku wanataga ndani. Mwenye gari hilo mara nyingi si mvivu. Alinunua gari lisilolingana na mfuko wake na mafundi walio karibu naye.

Chesisi na kadi kwanza

Injini utaipata. Gia boksi utaipata. Ukienda Gerezani kule Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga Nairobi, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, utarudi na karibu kila kinachozunguka. Chesisi nzima ndiyo ngumu kupata, na kadi safi ya usajili ni ngumu zaidi.

Nenda na nyundo ndogo na tochi. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kama debe lenye mchanga. Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga panaposhikilia springi, gonga yale mabawa ya pembeni yanayobeba bodi. Ukiona lami mpya chini ya gari kuukuu, ikwangue kwa bisibisi. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu. Gari lililoishi Tanga, Zanzibar au Mombasa limekula chumvi ya bahari miaka yote, ilhali lililozeekea Dodoma au Singida huwa na chuma kikavu zaidi, hata kama rangi imepauka vibaya. Mimi ningesafiri siku nzima kulifuata hilo la Singida.

Kuhusu kadi, au logbook kwa ndugu zetu wa Kenya: namba iliyogongwa kwenye chesisi iwe ndiyo iliyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini nayo. Kama injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa, muuzaji amalize jambo hilo kabla pesa haijatoka mfukoni mwako. Magari yaliyokuwa ya miradi ya wafadhili, yenye namba za DFP, na yale ya mnada wa serikali huwa mazuri, ila hakikisha karatasi za kuhamisha umiliki na za ushuru zimekamilika. Na usitegemee kuagiza kutoka nje. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa, na Tanzania gari kuukuu linatozwa ushuru wa uchakavu. Haya tunayozungumzia yatafute hapahapa.

1. Toyota Land Cruiser HZJ75, ya miaka ya 1990

Hii ndiyo ya kwanza, na sababu yenyewe ni injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Ilianza kufungwa kwenye Land Cruiser za familia ya 70 mwaka 1990, na fundi yeyote wa Kigoma, Lodwar au Goma ameshaifungua. Spea zake zinapatikana mpaka kwenye miji midogo. Springi ni za majani mbele na nyuma, kwa hiyo gari linarusha abiria, lakini zikivunjika hata mhunzi wa kijijini anakuunganishia safari iendelee.

Ukienda kuiangalia, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye injini uhakikishe ni ya baridi kweli. Fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokoma maana yake gesi ya silinda inavujia kwenye maji, na hapo kuna gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini. Muda wake ni kilomita 100,000, na kama hakuna anayekumbuka, ibadilishe wiki ya kwanza. Kisha tazama mipira ya chuma iliyo kwenye ncha za ekseli ya mbele. Ikiwa inatiririsha grisi nyembamba kama uji, sili za ndani zimekufa na oili ya difu imechanganyika na grisi. Kazi hiyo inafanyika nyumbani kwa siku mbili, na ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Tahadhari kubwa ni kwa magari yaliyotoka kwenye utalii. Arusha kuna karakana hodari za kurefusha chesisi ili viti viongezeke, na kazi iliyofanywa vizuri hudumu. Iliyofanywa vibaya utaiona kwenye mstari wa kuchomelea: nyufa nyembamba, au kiraka kilichowekwa wima badala ya kulazwa mshazari. Liache hilo.

Kosa lake ni bei. Hata iliyochakaa inauzwa kama iliyopona. Kama mfuko unaruhusu, usisite. Na usiifunge turbo: vyumba vidogo vya mwako kwenye silinda hedi ya 1HZ hupasuka kwa joto la ziada. Nimeona watu wakifurahia mwendo mwezi mmoja kisha wakatafuta hedi nyingine.

2. Land Rover Series III 109, 1971 hadi 1985

Moyo wangu uko hapa, lakini nafasi hii imeipata kwa haki. Hakuna gari kubwa rahisi zaidi kulifumua. Mabawa ya mbele, milango, paa, sakafu, vyote vimefungwa kwa bolti, na watu wawili wanaweza kuvua bodi kipande kwa kipande Jumamosi moja. Bodi ni ya aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita na aluminiamu ilikuwepo ya kutosha, na uamuzi wa dhiki ile ndio unaotusaidia mpaka leo: bodi haiozi kama bati.

Ila aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, huliwa na kuwa unga mweupe. Tazama chini ya milango na kila palipo na bolti. Unaporudishia, weka mpira au praima nzito katikati. Chesisi yenyewe ni sanduku la chuma linaloozea ndani kwenda nje, na hapo ndipo mimi niliponaswa. Ukuta wa mbele wenye dashibodi nao ni chuma. Bonyeza kwa kidole pale miguu ya dereva inapokaa.

Injini ya lita 2.25 ni ya polepole na mvumilivu. Ya petroli inakunywa sana, lakini inatengenezeka kwa mkono. Ukitaka nguvu zaidi, 200Tdi, injini ya dizeli yenye turbo ya Land Rover wenyewe, inaingia bila kukatakata sana. Difu ya nyuma ya 109 ni imara. Gia boksi ndiyo dhaifu, kwa hiyo ukishaweka injini mpya, punguza ukali wa mguu. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na zikirekebishwa sawasawa zinashika vizuri. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, magari yakajaa barabarani kutoka kila pembe. Mafundi wake bado wako hai, bado wanafundisha vijana.

3. Suzuki SJ413 au Samurai

Kwa anayeanza kabisa na mwenye pesa kidogo, hata ningeipandisha ya kwanza. Uzito wake ni takriban tani moja, injini ya petroli ya lita 1.3, na boksi la fowili limetengana na gia boksi, kwa hiyo unalishusha peke yako bila winchi. Maruti Gypsy ya India ni ndugu yake wa damu, na vitu vingi vinaingiliana.

Ubaya wake ni bati. Bodi ni nyembamba na inaoza chini ya viti na kwenye fremu ya kioo cha mbele. Familia ya watu sita haitakaa humo.

4. Land Rover Defender 110 yenye 300Tdi, 1994 hadi 1998

Gari zuri, starehe zaidi kwa sababu ya springi za koili. Nimeishusha kwa sababu ina kutu ileile ya chesisi na ukuta wa mbele kama mzee wake, lakini bei ni ya juu mno kwa gari la kufumua. Kagua taimingi belti kwa macho yako: 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tabia ya belti kukaa upande na kujikwangua hadi ikakatika. Ukikuta unga wa mpira ndani ya kifuniko chake, tengeneza kwanza, safiri baadaye.

5. Nissan Patrol Y60

Yenye injini ya dizeli ya TD42 tu. Taimingi yake ni ya meno, haina belti, na ekseli zake ni nzito. Ile ya lita 2.8, RD28, inachemka haraka, iache. Imekuja ya tano kwa sababu nje ya miji mikubwa utasubiri spea wiki nzima.

Pajero na Prado za zamani sikuziorodhesha. Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka silinda hedi, na Pajero ina mguu wa mbele wenye viungo vingi vya kuchakaa.

Ukishalifikisha nyumbani

Tenga pesa nyingine sawa na uliyonunulia. Anza na breki, kisha rejeta na mipira yake ya maji, kisha usukani, kisha matairi. Saizi ya 7.50R16 inawafaa Land Rover 109 na HZJ75, na 235/85R16 ina kimo karibu kilekile. Kuinua gari kusipite sentimita 5. Ukizidisha, propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inakaa kwenye pembe mbaya, mipira ya breki inavutika, na gari linapinduka kwa urahisi zaidi. Mkonga wa kuvuta hewa juu ni mzuri kwa vumbi hata kama huvuki mito. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na alteneta. Tangi la mafuta usilisogelee na moto, hata kama ni tupu. Mvuke ndani yake unaua. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Rangi iwe kazi ya mwisho kabisa. Yangu bado ina praima ya kijivu. Breki zake zinashika, na wiki iliyopita imepanda hadi Karatu na kurudi bila kuongeza maji.