Kupigwa alama za vidole za FBI hapa Mombasa: uzoefu wangu

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu na leo naitoa. Kama uliwahi kuishi Marekani, sasa uko Mombasa na unatafuta makaratasi ya Kanada, utanielewa. Kanada wanataka cheti cha polisi, kile kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu, cha kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Cha Kenya hakina tabu, fomu yake ya alama za vidole, C24, kila mtu anaijua. Cha Marekani ndicho kinachomtoa mtu jasho. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani ambao ndio wanaokitoa, wanataka vidole vyote 10 kwa wino kwenye kadi yao, FD-258, kisha uitume mpaka Clarksburg, West Virginia. Ada yao ni dola 18, hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni ofisi ya hapa kwetu nilikokwenda kupigwa hizo alama. Jina silitaji.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, lile joto ambalo unatoka kuoga na jasho linakuanza kabla hujajifuta. Feni ya ofisi imesimama. Nilikuwa nimevuka kutoka Likoni asubuhi, kadi nimezitia kwenye faili ya plastiki zisipate unyevu. Foleni ndefu, nikangoja, sikulalamika. Nilipofika dirishani, kijana ambaye ningeweza kumzaa akaishika kadi yangu kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza, akasema, "Hii si yetu. Sisi tunapiga C24." Nikamwambia kwa adabu, "Mwanangu, vidole ni vilevile, kadi tu ndiyo nyingine." Akarudi kwenye simu yake. Baadaye ndiyo akanieleza kwamba wino hununuliwa. Nikatoa. Risiti sikuiona.

Akapaka wino kwenye kibao mpaka unang'aa. Mikono yangu imelowa jasho, hata kitambaa cha kujifutia hakunipa. Akanivuta kidole gumba, akakipeleka kwenye kadi kama anayesukuma chapati, mbele, nyuma, mbele tena. Kidole hubiringishwa mara moja tu, kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, basi. Ukikirudisha nyuma, mistari inapandana. Kisanduku cha kwanza kikawa doa jeusi tupu. Cha pili vilevile. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona mistari haionekani?" Akanijibu kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Mama, vidole vyako vimekwisha. Kwani huko Ulaya ulikuwa ukifulia watu nguo?"

Foleni nzima ikacheka.

Mimi huko nilikuwa nikihudumia wazee. Kuwaosha, kuwabadilishia mashuka, kunawa kila unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, dawa za kuua vijidudu mchana kutwa. Kazi hiyo inakula mistari ya vidole, kama saruji inavyokula ya mafundi, na umri nao unachukua chake. Mtu aliyeajiriwa kupiga alama za vidole anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa chake. Mikono aliyoicheka imesomesha watoto mpaka chuo kikuu! Sikumjibu. Koo lilinikaba.

Maji ya kunawa hayakuwepo, kulikuwa na tambara moja tu, jeusi kuliko mikono yangu. Nikapanda feri hivyohivyo, upepo unanivua mtandio na siwezi kuushika. Buibui lile lina doa hadi leo.

Yule kijana alishikilia kwamba kadi iko sawa, ikaenda. Jibu la FBI likaja baada ya wiki kadhaa: alama hazisomeki, tuma nyingine. Na huku tarehe ya Kanada inakaribia.

Kwa hiyo nilikuwa nimekata shauri niwaambie watu wasikanyage pale. Lakini haki ya mtu apewe. Niliporudi, kijana hakuwepo, nikaelekezwa chumba cha nyuma. Mle nikamkuta mama mtu mzima, rika langu, akaniambia, "Karibu mwenzangu, keti kwanza upoe." Akanifuta kidole kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti, akangoja kikauke. Wino akaweka tone, akautandaza kwa rola mpaka ukawa mwembamba. Akasimama ubavuni mwangu. "Usinisaidie. Wewe tazama ukutani, mkono niachie mimi." Vidole gumba akavibiringisha kuja upande wangu, vingine kwenda nje. Alipomaliza akavaa miwani akakagua kila kisanduku. Kidole kidogo cha kushoto hakikumridhisha, akachukua kadi nyingine akaanza upya. Mwisho akanipigia mbili safi, nizitume pamoja, moja ikigoma ipo ya pili. Akanipa sabuni na kipande cha ndimu. Senti hakuchukua.

FBI wakakubali. Huduma kama ile hata Marekani kwenyewe sikuwahi kuipata, na hapa nilitaka kuipa ofisi nyota zote.

Lakini nilimuuliza yule mama yuko pale tangu lini. Miaka na miaka, akasema. Yaani siku ile ninachekwa, yeye alikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, pita chumba cha nyuma." Mkubwa wa ofisi anajua nani anaiweza kazi, na bado dirishani anamweka yule! Wangapi wamerudishwa nyumbani pale? Mafundi wa Kisauni, akina mama wanaopara samaki na kukuna nazi alfajiri, wazee wetu, wote wakiambiwa vidole vimekwisha. Hapana, nyota siwapi. Yule mama nampa zote, ofisi siipi hata moja.

Ukilazimika, nenda, ila dirishani usisimame. Ulizia mama wa chumba cha nyuma. Wakikwambia yuko likizo, irudishe kadi kwenye faili uje siku nyingine, lakini yule kijana usimpe mkono wako.