uBlock Origin: kinga ya matangazo ibukizi kwenye kompyuta ya nyumbani

uBlock Origin, iliyoanzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, ni kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo inayoongezwa kwenye programu ya kufungulia tovuti) kinachotolewa bure, nami ningekiweka mapema kwenye kompyuta yoyote inayotumiwa na familia nzima. Hakisubiri tangazo lifunguke ndipo kilifunge. Hulinganisha kila ombi ambalo ukurasa hutuma kwenye mtandao na orodha za anwani zinazojulikana kwa matangazo, ufuatiliaji na programu hasidi, kisha hulizuia lile linalolingana nazo kabla halijatoka, na namba ndogo kwenye alama yake ya ngao nyekundu huonyesha ni maombi mangapi yamezuiwa.

Hata hivyo, hakigusi zile arifa zinazochomoza pembeni mwa skrini, kwa kuwa hizo hutokana na mtu kubofya "Ruhusu" kwenye tovuti fulani. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na kufuta kila tovuti usiyoitambua. Kuondoa programu hasidi iliyokwisha kuingia nako ni kazi ya Microsoft Defender, kinga ya virusi iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na 11.

Linalosikitisha ni kwamba Chrome haiungi mkono tena toleo kamili, hivyo watumiaji wake hubaki na uBlock Origin Lite, yenye uwezo mdogo zaidi. Anayetaka kinga kamili atumie Firefox.