Tuzo, ufadhili na warsha za waandishi: uzoefu wangu kama mwandishi wa Kiswahili

Naandika hadithi fupi, nafundisha sekondari mjini Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa kila shindano, ufadhili au warsha ya waandishi ikitangazwa huwa najaribu kupeleka kazi. Wenzangu wanaoanza huniuliza waanzie wapi. Kabla ya kuwajibu huwauliza: huko unakotaka kupeleka, nani atakusoma, atakusoma kwa lugha gani, na atakurudishia nini? Fedha tutazizungumza baadaye. Maoni yangu yote hapa nimeyapima kwa maswali hayo.

Mashindano ndiyo mlango mwepesi. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, inayoendeshwa na Commonwealth Foundation ya London, haina ada ya kuingia. Hadithi iwe haijachapishwa, iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000, na mwandishi awe raia wa nchi mwanachama aliyetimiza miaka 18. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazopokelewa, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Huhitaji kutafuta mtu wa kukutafsiria kwanza ndipo uruhusiwe kubisha hodi. Mshindi wa kila kanda kati ya kanda 5 hupata pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000. Nimetuma huko kwa Kiswahili. Fomu ni fupi, unapakia faili lako, na hata mtandao wa kusuasua unatosha. Ila ujue mapema kwamba hadithi zinazoingia ni maelfu kila mwaka, kwa hiyo usitegemee maoni juu ya kazi yako. Usipoingia kwenye orodha ya walioteuliwa, faida uliyoipata ni kwamba tarehe ya mwisho ilikulazimisha kuimaliza hadithi. Mimi siidharau faida hiyo. Zipo hadithi zangu ambazo zingekuwa bado zinalala kwenye daftari.

Kwa mwenye mswada mzima, tuzo ya Safal-Cornell ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, wakati huo ikiitwa Mabati-Cornell, na ni ya Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho: miswada ni ya Kiswahili na majaji wanasoma Kiswahili. Zawadi zake kwa jumla zilianza na dola 15,000. Katika tuzo za mwaka 2015, zilizokuwa za kwanza, Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya na Mohammed Ghassani upande wa ushairi. Kinachonivutia zaidi ya fedha ni kwamba kuchapishwa ni sehemu ya mpango wenyewe, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ni miongoni mwa wachapishaji waliotoa vitabu vya washindi. Mswada ukishinda halafu ukabaki kwenye kompyuta ya mwandishi, msomaji wa Kiswahili hajapata kitu.

Sasa yale ya kukwepa. Majarida mengi ya Marekani huendesha mashindano kwa ada, na dola 20 au 25 kwao ni jambo la kawaida. Nililipa ada ya aina hiyo mara moja, zaidi ya shilingi 60,000 kwa hesabu ya hapa, na nilichorudishiwa ni mistari miwili ya kunishukuru kwa kushiriki. Sisemi ni wezi, maana ada hizo ndizo zinazolipa watu wanaowasomea kazi zinazotumwa. Ila kwa mshahara wa mwalimu, fedha hiyo nunulia vitabu. Kuna jambo baya kuliko ada. Shindano moja la ukanda wetu huu liliandika katikati ya masharti yake kwamba kila kazi itakayopokelewa, imeshinda au imeshindwa, itakuwa mali ya waandaaji. Rafiki yangu alikuwa ameshaandaa mashairi yake yote ya kupeleka. Tulipofika kwenye kifungu hicho akafunga kompyuta. Hakimiliki isomwe kabla ya kiasi cha zawadi, na sentensi ya kutafuta ni ile inayosema nini kitatokea kwa kazi ya aliyeshindwa.

Ufadhili wa kuandika kitabu ni habari nyingine kabisa, kwa sababu pale unapewa muda. Ninaoufahamu kwa karibu ni wa Miles Morland Foundation ya Uingereza, ambao nimewahi kuuomba, na masharti nitakayoyataja ni kama yalivyokuwa nilipoomba. Kwa mwandishi wa riwaya ulikuwa pauni 18,000 kwa miezi 12, kiasi ambacho mwalimu wa sekondari hakipati kwa mwaka mzima. Hulazimiki kuhama kwenu. Unachodaiwa ni maneno 10,000 kila mwezi, na kitabu kikija kuingiza fedha unaombwa urudishe asilimia 20, kwa deni la heshima tu, ili wengine nao wafadhiliwe. Mwombaji awe amezaliwa Afrika, au wazazi wake wote wawili wawe wamezaliwa Afrika. Fomu inataka sehemu ya kazi yako iliyokwisha kuchapishwa, na maelezo ya kitabu unachokusudia kuandika. Sikuchaguliwa, lakini yale maelezo ya kitabu yalinifaa: hadi leo ndiyo ramani ninayoifuata. Sharti lake kubwa ni kwamba kitabu kiandikwe kwa Kiingereza. Hilo ni chaguo lao na wamelisema wazi tangu mwanzo, lakini mwandishi wa Kiswahili alijue kabla hajaenda kuomba likizo bila malipo.

Nikija kwenye warsha, hapa nitakaa kidogo.

Iliyonifaa kuliko zote iliandaliwa Dar es Salaam na shirika dogo la fasihi lisiloendeshwa kwa faida. Tulichaguliwa kwa kurasa chache za kazi zetu, tukawa wachache kiasi cha kutosha meza moja, na kila mmoja alikuwa na nakala iliyochapwa ya hadithi za wenzake wote. Mwezeshaji alikuwa mhariri, mama mtu mzima, mwenye kalamu ya risasi na sauti ya chini. Utaratibu wake ni kwamba mwandishi anasoma kwa sauti, wengine mnafuata kwenye karatasi.

Kijana mmoja wa Kigoma alisoma hadithi ya mwanamke anayekwenda kijijini kumtafuta mumewe nyumbani kwa mama mkwe. Hakumaliza ukurasa wa kwanza, kalamu ikainuka.

"Mwanangu, rudia hapo anapoingia."

Akarudia. Mwanamke anapiga hodi, anaingia, anauliza mumewe yuko wapi.

"Hajamwamkia mkwewe?"

"Nilipunguza maneno, mama. Mwisho ilikuwa 3,000."

"Usiirudishe hiyo salamu. Lakini mkwe naye ana masikio. Atafanya nini?"

Meza nzima ikaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akasema bibi atanyamaza, mwingine akasema atamwita mjukuu aje amkaribishe mgeni. Kisha dada mmoja wa Pemba, ambaye asubuhi yote hakuwa amefungua mdomo, akasema: "Ataitikia. Atasema marahaba, na yule hajatamka kitu." Tukanyamaza. Kijana akainama akaandika pale pale. Tulipokutana kesho yake, "Marahaba" ile ndiyo iliyofungua hadithi, na kurasa mbili za maelezo kuhusu ugomvi wa wale wanawake zilikuwa zimeondoka kwa sababu hazikuhitajika tena.

Hakuna jaji wa mbali angeweza kumpa yule kijana kitu kile. Alihitaji watu wanaojua uzito wa kuingia ndani kwa mkwe bila shikamoo, na mhariri aliyejua kusimama hapo badala ya kusahihisha koma.

Upungufu ulikuwepo. Nauli ya kutoka Tanga niliahidiwa kurudishiwa mwisho wa wiki, ikaja baada ya miezi na simu nyingi. Na warsha ilipokwisha ndiyo ikawa imekwisha: hakuna aliyeuliza hadithi zilifika wapi. Kikundi chetu cha WhatsApp tulikianzisha wenyewe na bado tunasomana humo.

Kwa jambo hilo la kuendelea, waliofanikiwa ni FEMRITE wa Kampala, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa mwaka 1996. Wana kikao cha wasomaji na waandishi kila Jumatatu, na wanaume pia hukaribishwa. Nilihudhuria nilipokuwa kwa dada yangu huko. Lugha ni Kiingereza, lakini nilichokitamani ni mazoea yenyewe: mtu anajua kwamba Jumatatu ijayo watu walewale watauliza ile sura ya pili. Tuzo ya Caine nayo, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika kwa Kiingereza, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ilianza kuendesha warsha zake mwaka 2003, na warsha hizo huzunguka nchi mbalimbali za Afrika. Sijawahi kuhudhuria hizo, ila napenda kwamba hadithi zinazoandikwa humo huingia kitabuni.

Kwa mwenye hadithi moja iliyokamilika, ningesema aanze na Jumuiya ya Madola, maana hapotezi kitu. Mwenye mswada asubiri Safal-Cornell watangaze kupokea miswada, na wakati akisubiri atafute meza ya watu wanaosoma kwa sauti, hata kama haina posho wala cheti.

Na kwa mashirika yanayoandaa mashindano ya Kiswahili nina ombi. Punguzeni zawadi ya mshindi wa tatu, fedha hizo mlipeni mhariri mmoja mzuri asome kurasa 10 za kila aliyefika kwenye orodha ya mwisho na kuziandikia maoni pembeni. Mimi ningeingia shindano hilo kila mwaka, na najua wengi Tanga hapa ambao wangeingia pamoja nami.