"Ami, punguza chombo": yaliyonipata kwa fundi aliyenijengea banda la mashua

Nilidhani jambo hili litapoa. Halikupoa. Kila nikipita mbele ya banda langu nasikia lile neno tena na damu inanichemka upya. Basi naandika, ili mwenye mashua anayetaka kujenga kwake ajue yaliyonifika kabla hajamkabidhi mtu pesa zake.

Jina la fundi silitaji. Ana watoto, nami sitaki kumkatia mtu riziki. Lakini alichonifanyia nitakisema chote.

Kwetu ni Matondoni, kisiwani Lamu, hatua kama mia kutoka ufukweni. Matondoni ni kijiji cha waunda vyombo. Mtoto wa hapa anaujua mkuku, uti wa chini wa chombo, na taruma, mbavu zake, kabla hajajua kusoma. Mashua yangu aliiunda baba kwa mikono yake, na tezo aliyoichongea ninayo mpaka leo. Adui wa chombo cha mbao kilichovutwa juu ni jua. Kusi, upepo wa kusini, ikishakuwa kali, mashua ndogo hukaa juu wiki kwa wiki, na ikikosa kivuli mbao zinakauka, zinajivuta, pamba ya kalafati inayoziba kati ya mbao inalegea na kutoka. Siku ya kuishusha inaingiza maji kama tenga mpaka mbao zivimbe tena. Na ukisema uiache majini moja kwa moja, wadudu wa bahari wanaitoboa. Kwa hiyo banda kwangu halikuwa anasa.

Miaka yote nilikuwa na kibanda cha makuti. Nikataka cha mawe, upande mmoja wa mashua, upande mwingine karakana: meza ya kazi, jiriwa, ukuta wa kuning'iniza misumeno na keekee, na mahali pa kuweka mashine ya boti chini ya kufuli. Makuti niliyakataa kwa sababu ya petroli. Nikisaga chuma cheche zinaruka, na cheche, petroli na makuti sitaki kuviona chini ya paa moja.

Fundi alitoka mjini. Tulipatana mwaka juzi, upepo wa kaskazi ukiwa umeshashika. Nikamwambia maneno haya, na shahidi alikuwapo: mlango wa mashua nautaka uwe na uwazi wa mita 3, kila kitu kikiwa kimekwisha. Mashua yangu pale tumboni, kwenye upana wake wote, ina mita 2 na sentimita 57. Kinachobaki ni nafasi ya vijana kupita ubavuni huku wanasukuma, maana chombo hakiingii ndani chenyewe. Nilipima kwa futikamba, kisha nikapima upana wa tumbo kwa kamba, nikapiga fundo, nikampa ile kamba mkononi. Akaiangalia kidogo, akaitia mfukoni.

"Ami, hii kazi yangu. Wewe lete mawe."

Nikaleta mawe. Nimeyatoa Manda Maweni, kisiwa cha jirani, kwa chombo, nikayapakua maji yakiwa yamejaa, na kutoka ufukweni hadi uwanjani kwangu yalibebwa na punda. Boriti za paa nilinunua kwa mkataji mwenye kibali, kwa sababu tangu ukataji wa mikoko ulipopigwa marufuku mwaka 2018, kisha ukafunguliwa tena kwetu Lamu mwaka uliofuata, sikutaka maswali na mtu. Kila alichoniagiza nilikileta. Sikumchelewesha hata siku moja.

Wakati wa kutia fremu ya mlango mimi nilikuwa Kiwayuu kwenye uvuvi. Niliporudi nikakuta mlango mzuri wa mbao, mzito, wa pande mbili, umepakwa mafuta, umefunga vizuri. Nikamshukuru. Sikupima. Hilo nalijutia mpaka leo, lakini nilikuwa nimempa kamba.

Sasa siku ya kuivuta mashua. Tulingoja bamvua ili maji yatufikishe juu kabisa. Vijana wapata kumi na watano, jirani zangu na watoto wa dada zangu, magogo ya kubingirishia yamepangwa kutoka ufukweni mpaka mlangoni. Mmoja anatoa sauti, wengine wanaitikia, chombo kinapanda. Wanawake wamesimama barazani. Mke wangu alikuwa amekwishapika wali wa watu wote. Omo, yaani mbele ya chombo, ikaingia. Ikaendelea kuingia, taruma moja, taruma mbili, na mimi nimesimama ndani nawaelekeza kwa mkono. Halafu nikasikia mlio. Mashua ikasimama. Ubao wa juu wa upande wa kulia umekwama kwenye fremu, na wa kushoto vivyo hivyo, na wale vijana wa nyuma hawakuona, wakasukuma mara moja zaidi. Rangi ikachunika na kipande cha ubao kama urefu wa mkono kikachanika mbele ya macho yangu. Ubao alioupiga msumari baba.

Nikachukua futikamba. Mita 2 na nusu. Zilikosekana sentimita 7, vidole vinne.

Nikapima tena nikiwa natetemeka, nikaona alichofanya. Mita 3 alizihesabu kutoka katikati ya nguzo hii hadi katikati ya nguzo ile. Nguzo zenyewe ni sentimita 30 kila moja, kwa hiyo sentimita 15 zimeliwa huku na 15 kule. Kisha fremu imekula 10 kila upande. Na kamba yangu yenye fundo mfukoni mwake! Angeitandaza mara moja tu siku ile ya kutia fremu, angeona.

Nikampigia simu pale pale, nikaiweka sauti nje, watu wote wanasikia. Nikamsalimu. Nikamweleza kwa upole, naapa, sikumtukana. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema:

"Ami, mlango uko sawa. Punguza chombo."

Akakata.

Hakuna aliyecheka. Kuna mzee wetu mmoja, muunda vyombo, aliyekuwa amekaa chini ya mti tangu asubuhi. Akainuka, akaja, akaupapasa ule ubao uliochanika. Akasema, "Huyu hakumuona baba yako akipima." Nikageuza uso.

Mtu akikosea nitamvumilia. Bahari imenifundisha kukosea na kusahihisha. Angesema, "Ami nimekosa, kesho nakuja," nisingeandika hata mstari mmoja. Lakini kumwambia mtu wa Matondoni apunguze chombo cha marehemu baba yake, mbele ya jamaa zake, siku aliyowaalika! Kwa hiyo mtu akiniuliza, jibu langu ni moja: usimwite.

Ila sitamdhulumu. Nilipoandika hayo hapo juu nilikuwa nimekaa ndani ya hilo hilo banda, na mvua ilikuwa inanyesha nje, na ndani hakuna tone. Masika yote iliyopita hakuna tone. Siku za msingi, kijana mmoja wa mkono alipendekeza wakachukue mchanga kule kwenye matuta ya Shela, karibu na rahisi. Fundi akamkemea, akamwambia matuta yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji. Akakataa na mchanga wa ufukweni pia, kwa sababu una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege bila mtu kujua mpaka linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, ipasuke. Akangoja mchanga mzuri utoke bara, siku tatu bila kazi, bila kuniomba posho ya siku hizo. Fundi wa namna hiyo hapatikani kila siku. Na dirisha la karakana aliliweka mahali pake kwa akili yake mwenyewe, mimi sikumwambia. Mwanga unaingia kwenye meza asubuhi hadi jioni, jua lisinichome machoni. Ukuta umenyooka. Pembe zake nimezipima, hazina kosa hata nywele.

Hivyo labda niseme: kwa kuta, mwite. Kwa mlango, simama hapo mwenyewe na kamba yako.

Hapana. Siwezi kusema hivyo. Nikikumbuka zile wiki mbili mashua imekaa nusu ndani nusu nje, turubai juu yake, mvua inaingia tezini, nyuma ya chombo, na mimi nampigia simu hapokei, natuma ujumbe anausoma na hajibu, moyo unakataa. Nilimtuma mpwa wangu mpaka mjini. Akamkuta kibarazani anakunywa kahawa. Akamwambia kwamba mimi namngoja. Akajibiwa kwamba salio likilipwa ndipo mazungumzo yataanza. Salio! La mlango usiopitisha kitu!

Mwisho alikuja seremala wa hapa hapa kijijini. Asubuhi moja, kabla ya adhuhuri, alikuwa ameshazing'oa fremu zote mbili bila kuharibu nguzo. Kazi ya asubuhi moja. Uwazi ukawa mita 2 na sentimita 70, yaani sentimita 6 na nusu kila ubavu wa chombo, mtu hapiti hapo. Ilibidi tuivute kwa kamba kutoka ndani, tumefunga magunia yenye maji ubavuni, vijana wawili wanaangalia huku na huku na kupiga kelele "kulia! kulia!" kila inapoegemea. Saa nzima. Ikaingia. Sikula wala sikunywa mpaka ilipokaa kwenye gudi zake, miti ya kuitegemeza.

Na kila msimu itakuwa hivyo hivyo, kuingia na kutoka, kwa sababu nguzo siwezi kuzibomoa. Zimebeba linta, na linta imebeba ukuta na boriti zote za mbele.

Ubao uliochanika niliubadilisha mwenyewe, kwenye meza ile, chini ya dirisha lile. Nilitoboa matundu ya misumari kwa keekee ya baba nikatia pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, na mkono ulitulia kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Hilo nimelisema na nitalisema tena nikiulizwa.

Mlango wa mbao hauna pa kushika tena. Umeegemea ukuta wa nje, nimeufunika, na mbele ya mashua nimetundika turubai ambalo upepo unalipiga usiku kucha. Salio la fundi sijaligusa. Limo kwenye kopo la misumari juu ya rafu ya karakana, limetimia, haipungui hata shilingi. Aje alichukue. Aje mchana, vijana wale wakiwepo na yule mzee akiwepo, na ile kamba yangu aje nayo, aitandaze pale mlangoni mbele yao.