Pampu ya steringi niliyouziwa, na ile niliyoikuta rafuni

Nilisema nisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika hivyohivyo. Kama una Isuzu ya zamani na steringi imeanza kuwa nzito, usikimbilie kubadili pampu. Na kama ni lazima ubadili, usikubali duka likuuzie pampu kisha likupe na fundi wake aifunge palepale nje, juu ya jiwe. Mimi nilikubali yote mawili siku moja.

Gari langu nabebea nyanya kutoka Ilula, Iringa, kuja Dar. Siliendeshi, nina dereva, lakini kiti cha pembeni ni changu safari zote, na mlio wa gari hilo naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumbani kwangu. Msimu uliopita, mvua zikiwa bado, likaanza kulia asubuhi. Ukikata usukani gari likiwa limesimama, mlio unapanda, mwembamba, kama mtoto anayelalamika usingizini. Injini ikishapata moto unapungua. Dereva akasema pampu imechoka. Nikasema sawa, tuibadili kabla ya mzigo.

Duka lenyewe lipo Dar, sitalitaja. Pampu ya gari langu hawakuwa nayo. Wakaniambia ipo ya "ndugu yake", mtumba wa Japani, boliti zinakaa bila shida, kinachohamishwa ni gia tu. Injini yangu pampu haizungushwi kwa mkanda, imechomekwa ubavuni mwa injini na inazungushwa na gia kutoka ndani. Bei 280,000, ufundi 40,000, pampu ya zamani inabaki kwao. Walisema imekufa, ni chuma chakavu, ndiyo kawaida.

Nikauliza swali moja. Nikasema, hii inasukuma sawa na ile niliyonayo? Maana gari hili linabeba, halitembei tupu. Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema: "Mama, mwite dereva niongee naye. Haya huwezi kuyaelewa."

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa kwa aibu. Gari nimelinunua mimi, kwa fedha ya nyanya, tenga kwa tenga, na kila lita ya mafuta inayoingia mle inatoka kwenye pochi yangu. Ningetakiwa kuondoka saa ileile. Nilikuwa na mzigo unanisubiri Ilula, wakulima wameshachuma, nikanyamaza. Nikalipa. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma hadi leo kuliko fedha.

Kwa swali langu, jibu lipo na ni rahisi, angeweza kunipa kwa dakika mbili. Pampu inasukuma mafuta yanayosaidia kukata usukani, na inayasukuma kulingana na mwendo wa injini. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, inasukuma kidogo kabisa, na ndipo hapo usukani unapohitaji nguvu kubwa, kwa sababu gari limesimama na tairi zinasaga lami. Pampu ya gari dogo itakaa kwenye boliti zako vizuri sana, itanyamaza vizuri sana, na barabarani hutaona tofauti. Utaiona sokoni, ukiwa na mzigo, unarudi nyuma kati ya mikokoteni. Boliti kukaa si ushahidi wa chochote.

Halafu ile nyundo. Fundi wao alichomoa gia kwenye pampu yangu, akaisimamisha ile nyingine juu ya jiwe, akaiweka gia kwenye shafti na kuanza kugonga. Aligonga mara saba au nane, kwa nguvu, huku akiongea na mwenzake habari za mpira. Nilisimama hatua mbili kutoka pale. Kila pigo lilinikwaruza rohoni lakini sikujua la kusema. Sasa najua. Gia ile huvutwa na nati yake yenyewe mpaka ikae, taratibu. Ukiigonga, pigo linapita kwenye shafti na kuishia kwenye beringi na kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta. Na sili ya shafti kwenye pampu ya namna hii ndiyo ukuta pekee kati ya mafuta ya steringi na oili ya injini.

Niwe mkweli. Siku ile pampu ilifanya kazi. Tulipanda kwenda Ilula na gari tupu, kimya, mlio hakuna, dereva anashika usukani kwa mkono mmoja. Tulipofika Morogoro niliwatumia ujumbe wa kuwashukuru. Bado ninao kwenye simu, kila nikiusoma moyo unanienda mbio.

Ilula, wakati wa kupakia, ilibidi gari liingie uchochoroni kwa kinyumenyume. Usukani ukagoma. Dereva akawa anainuka kwenye kiti kuukata. Tukafungua kile kikopo cha mafuta ya steringi, tukakuta yameshuka chini kabisa. Tukachungulia chini ya gari: hakuna tone. Tukakagua hozi zote mbili, kavu. Yaani mafuta yamepungua na hayajamwagika popote. Nilipaswa kulala pale na kutafuta fundi. Lakini nyanya zilishapangwa, matenga ya juu yameshafungwa kamba, nikanunua lita moja ya ATF, ndiyo mafuta ya steringi, tukajaza, tukaondoka.

Aliyewahi kushuka mlima Kitonga na mzigo hahitaji maelezo, na asiyewahi, sijui nimweleze vipi. Ukuta wa mlima upande mmoja, upande wa pili bonde, malori yanapanda yakipumua mbele yako, na kona moja haijaisha nyingine imeshafika. Kwenye kona ya tatu au ya nne dereva wangu aliacha kuongea. Nikamtazama mikono. Mishipa ilikuwa imesimama mpaka kwenye kiwiko, na ule mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Usukani ulikuwa haukati tena kwa msaada wowote, ni yeye na tairi na tani za nyanya. Alisema neno moja tu, "Mama, shikilia." Utingo nyuma yetu alianza kusali kwa sauti. Mimi sikuweza hata kusali. Nilikuwa naitazama ile mikono.

Tulifika chini. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule kijana, sina deni kubwa duniani kuliko lake.

Ruaha Mbuyuni, kando ya meza za vitunguu, tukapata fundi mzee. Tulipomweleza kwamba mafuta yanapungua na hayamwagiki, hakuuliza la pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye dipstiki ya injini, kile kijiti cha kupimia oili. Akaichomoa, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena na kunionyesha mimi, si dereva. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa zaidi ya vidole viwili. Nyepesi, inateleza kama maji, imeingia wekundu. Akasema, "Mama, mafuta yako ya steringi yote yapo humu. Sili imekufa, injini inayanywa. Mngeendelea, mngeua na injini."

Mkanda ungekuwepo tungeukata tu tukaendelea. Huku kwetu ilibidi pampu ishuke. Mzee alikata kipande cha bati nene, akatengeneza gasketi, akaziba lile tundu ubavuni mwa injini, akamwaga oili yote na kutia mpya. Jua likazama pale. Kutoka pale mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300, na dereva wangu aliziendesha zote bila pawa, usukani wa nguvu za mikono tu, anapumzika kila kituo, viganja vimechubuka. Tulifika sokoni mchana wa siku iliyofuata, matenga ya chini yameshaanza kutoa maji. Wanunuzi walinipa bei ya nyanya za kupikia supu.

Nilipumzika siku mbili, nikarudi dukani na pampu yao kwenye ndoo. Nilijiapiza nisipandishe sauti. Nikamweleza yule muuzaji kila kitu, tangu nyundo mpaka dipstiki. Akavuta risiti yangu, ile ya kuandika kwa mkono ambayo nilikosea kuikubali badala ya kudai ya mashine, akaweka kidole kwenye muhuri: "Mali ikishauzwa hairudishwi. Soma hapo." Nikamwambia sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, kitu kikiuzwa kwa kazi fulani lazima kiifae kazi hiyo, na muhuri wa duka haufuti sheria ya nchi. Akacheka. Akamgeukia mwenzake: "Mama amekuwa mwanasheria."

Hapo nikageuza uso nisije nikatukana, na macho yangu yakaangukia rafu ya juu. Pampu yangu ilikuwa pale.

Wameiosha, wameipaka rangi ya fedha, wameifunga kibandiko cha 250,000. Lakini sikio lake moja liliwahi kukatika tukiwa Makambako, likachomelewa, na weldi yake ilivimba kama kovu la mtu. Rangi haifichi kovu. Nikaomba nishushiwe, nikapitisha kidole pale, nikamwambia hii ni yangu. Akajibu, "Umeandika jina?"

Yaani pampu mliyoniambia imekufa, mliyoichukua kama chuma chakavu, mnaiuza. Basi ama mnajua ni nzima na mliniibia, ama mnajua ni mbovu na mnataka kumtuma mtu mwingine Kitonga. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja. Hakuwa na jibu. Alipunguza bei. Nililipa 150,000 kuichukua pampu yangu mwenyewe, na aliyeifunga kwenye gazeti alikuwa kijana wa pale dukani ambaye hakuweza kunitazama usoni.

Fundi wangu wa Tabata aliirudisha, gia akaivuta kwa nati, gari likainuliwa kwa jeki mbele, usukani ukazungushwa huku na huku injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yakaisha kwenye kikopo. Asubuhi tukawasha. Ule mlio wa zamani ukarudi. Nilikaribia kulia. Fundi akaifungua hozi ya kunyonya, ile laini inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, akaipasua kwa kisu kwa urefu. Ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imebanduka na kulegea kama ulimi. Mafuta ya steringi yakiwa ya baridi na mazito, pampu ikivuta, ule ulimi unaziba njia, pampu inakosa mafuta na kulia. Hozi mpya ilikuwa 12,000. Mlio haujarudi tangu siku hiyo.

Kwa hiyo pampu yangu haikuwa na kosa tangu mwanzo. Hata ile ya mtumba, fundi huyu aliifungua mbele yangu: visu vyake, vile vibapa vinavyosukuma mafuta, vizima, ndani hamna michubuko, isipokuwa sili iliyopasuka na beringi yenye alama za kugongwa. Kwenye gari dogo, ikifungwa na mtu mwenye adabu na chuma, huenda ingefanya kazi miaka. Nilitaka niandike kwamba spea za mtumba ni sumu, na siwezi, si kweli, nusu ya gari langu ni mtumba. Kosa la kutoikagua hozi kwanza ni letu pia, mimi na dereva, tulikuwa na haraka. Nilifika hadi mahali nikawaza labda nimewaonea.

Halafu nakumbuka vile viganja. Nakumbuka "huwezi kuyaelewa." Mtu anayeuza kitu cha kushikia gari la tani mlimani, akiulizwa kinasukuma kiasi gani, hana haki ya kujibu hivyo, kwa mama wala kwa baba. Hapana, sijawaonea.

Pampu yao ninayo stoo, kwenye ndoo ileile, nimeifunga pamoja na risiti yenye muhuri. Watu wawili wameshaniomba niwauzie. Siiuzi.