Nguo za kushinda nazo kutwa kwenye michezo ya maji: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Nenda Kunduchi Wet 'n' Wild, pale penye mabwawa na mitelezo ya maji jijini Dar es Salaam, siku ya sikukuu, hasa Idd, usimame karibu na geti. Mtoto kavaa gauni la wavu lenye vimetameta, mama kavaa dera jipya, baba kavaa jinzi na raba nyeupe. Wamependeza kweli. Ikifika saa saba mchana wavu unamwasha mtoto kwapani, dera limemganda mama mwilini, na baba amekaa kivulini akilinda mabegi kwa sababu kwa vazi lile hapandi mtelezo wowote.

Siku ya namna hii unalowa, unakauka, unalowa tena, na jua la Dar liko utosini. Ndiyo maana mimi naanza na kitambaa. Kikilowa kinakuwa kizito kiasi gani? Kinakauka upesi? Kinaonyesha ndani? Rangi na mtindo nitaangalia baadaye, fedha ikibaki.

Nguo ya juu

Ya kwanza, na hapa sibishani na mtu, ni fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, ile ya nailoni au polista iliyochanganywa na spandeksi, uzi unaovutika kama lastiki. Inabana mwili kwa hiyo haipandi hadi shingoni ukiteleza, na inakinga jua kuliko kitu kingine chochote utakachovaa. Tafuta lebo ya UPF 50: maana yake, katika kila sehemu 50 za miale ya urujuanimno (ile ya jua inayounguza ngozi) inayopiga kitambaa, inapita 1 tu. Fulana nyeupe ya pamba ina kama 7, na ikilowa hushuka hadi kama 3. Dar es Salaam haifiki nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kati ya Oktoba na Machi jua la saa sita linakaribia kupita juu ya kichwa kabisa. Mafuta ya kujikinga na jua ni mazuri usoni na miguuni, lakini maji huyaondoa na lazima upake tena na tena. Fulana ukishaivaa umemaliza.

Madukani ni ghali kidogo. Kwenye mitumba, pale Karume kwa walio Dar au Kongowea kwa walio Mombasa, utapata nzuri ukijua kuchagua. Klorini, dawa inayotiwa kwenye maji ya bwawa, hula spandeksi polepole. Ivute nguo sehemu ya kwapa na ya makalio: ikitoa mlio wa kukatika nyuzi, au ukiiinua kwenye mwanga ukaona vijiuzi vyeupe vimejitokeza, iache hata kama muuzaji anakupunguzia. Iliyo hai ukiivuta inarudi palepale.

Ya pili ni jezi ya mpira. Simba au Yanga hilo ni lako na nyumba yako. Kitambaa ni polista, hakinywi maji kama pamba, na ukikaa juani kidogo kimekauka. Ila jezi nyingi zina vitobo vya kupitisha hewa, na jua nalo linapita humohumo. Chagua iliyokubana kidogo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba pengine unayo tayari kabatini, hununui kitu.

Fulana ya pamba ni ya tatu na ya mwisho, na kazi yake ni kuvaa ukiwa mkavu wakati wa kurudi nyumbani. Ikilowa inavutika, inakuwa nzito, na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini utatetemeka nayo mchana kweupe.

Nguo ya chini

Bukta ya nailoni yenye kamba kiunoni inaongoza. Kamba iwe ya kufunga kweli. Lastiki peke yake maji ya mtelezo yanaishinda, na hutaki kugundua hilo mbele za watu. Inayofuata ni skini taiti ya nailoni. Zile nyembamba zinazouzwa kwa wingi Kariakoo zipime hivi: ingiza ngumi ndani, ivute hadi mwisho, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona ngozi ya mkono wako, wenzako wataona zaidi ikiwa imelowa. Pensi ya kadeti inafaa kwa kukaa tu, maana mifuko yake hujaa maji.

Jinzi haimo kwenye orodha. Zipu na vifungo vya chuma hukwaruza faibaglasi ya mitelezo, kwa hiyo sehemu nyingi za michezo ya maji huvikataza, na mara nyingi unaambiwa hivyo ukiwa juu ya ngazi baada ya kupanga foleni.

Kwa wanaotaka stara

Dera majini linajaa maji na kusokota miguu, nami sioni kama ni suala la mazoea: ni hatari. Buibui vilevile. Kuna suti ya kuogelea ya stara, burkini, iliyobuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti wa Australia, na siku hizi zimejaa kwenye maduka ya mwambao. Unapochagua, angalia vikamba vya ndani vinavyofungia gauni la juu kwenye suruali, kwa sababu bila hivyo linakufunika uso ukiteleza. Kilemba kiwe cha kuvaa kichwani moja kwa moja, kisichohitaji pini. Chukua rangi ya kukolea, na upige simu unakokwenda kabla hujalipa, kwani masharti ya mavazi hayafanani kila mahali.

Watoto

Usiwanunulie nguo ya buluu wala nyeupe. Ndani ya bwawa mtoto mwenye bukta ya buluu haonekani vizuri hata maji yakiwa safi. Chungwa kali, waridi la kung'aa, au kijani cha ndimu kile kinachoumiza macho dukani ndicho unachokitaka, na bei ni ileile.

Viatu na vya kujifunika

Sakafu ya saruji saa nane mchana inaunguza nyayo, kwa hiyo usitegemee kutembea peku. Sendozi za plastiki zenye mkanda wa nyuma ndizo bora, kisha yeboyebo. Kandambili ni rahisi kununua na rahisi kuteleza nazo. Raba ziache nyumbani.

Taulo nene nalo siku hizi silibebi. Doti moja ya khanga inanitosha: kipande kimoja cha kujifutia, cha pili cha kujifunga ninapobadili nguo au kumfunika mtoto aliyelala. Kikoi kinafanya kazi hiyohiyo kwa wanaume. Pamba hapa iko mahali pake, maana kazi yake ni kunywa maji, na wepesi wa khanga unaifanya ikauke haraka ukiitandaza juu ya kiti. Kofia iwe ya pama yenye kamba ya kidevuni. Kapelo inaacha masikio na shingo viungue.

Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua fulana ya mikono mirefu, na watoto wapate kabla yako. Ikiongezeka, sendozi. Bukta na nyingine tumia zilizopo nyumbani, na weka mfuko usiopitisha maji kwenye begi kwa ajili ya nguo mbichi. Usiku huohuo zisuuze kwa maji safi yasiyo ya moto na uzianike kivulini. Ukiziacha kwenye mfuko na klorini yake hadi kesho, spandeksi ndiyo inayolipa.